Wimbo wa dakika 10, redio inaandika 15: ushauri kwa anayewawekea wazazi nyimbo kwenye memori kadi

Mama mkubwa wangu anaishi Tanga. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la mbao lenye kanda 40, nyingi zikiwa za taarab: Black Star, Lucky Star, na nyingine za vikundi vya Unguja ambazo marehemu mumewe alizinasa redioni usiku. Deki yake ilipokufa na fundi akamwambia vipuri havipatikani tena, nilizichukua kanda zote nikaenda nazo Dar es Salaam, nikaazima deki nzima, na kwa wiki kadhaa kila jioni nilikuwa naingiza kanda moja kwenye laptopu. Mwisho wa kazi nilimpelekea memori kadi moja na redio ndogo ya mkononi ya kuchomeka kadi, zile zilizojaa kila duka la vifaa vya umeme. Sebuleni tayari alikuwa na sabufa yenye tundu la flashi na la kadi.

Haikupita wiki, simu ikaita.

"Mwanangu, ile kanda ya harusi umeikata. Baba yako mkubwa hayumo."

Hiyo ilikuwa kanda ya harusi ya binti yao. Mwishoni mwa upande wa pili, baada ya muziki, baba mkubwa anashika kipaza sauti na kuwashukuru wageni. Ni kama dakika mbili tu, lakini ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Nilifungua faili lile kwenye laptopu yangu nikasogeza hadi mwisho. Sauti ipo, safi kabisa. Nikamwomba mjukuu wake ajaribu kwenye redio ndogo badala ya sabufa. Akanipigia baada ya saa nzima: kwenye redio ndogo Babu yumo. Ila akaongeza jambo jingine, kwamba redio hiyo inaandika muda wa uongo. Wimbo wa dakika 10 inauandika dakika 15, na ukibonyeza kitufe cha kusogeza mbele unaangukia mahali usipopataka.

Kadi moja, mafaili yaleyale, vifaa viwili, na kila kimoja kina kasoro yake. Nilichokuja kugundua ndicho ninachotaka kukueleza, kwa sababu najua wengi mnafanya kazi hii kwa ajili ya wazazi wenu, na wengi mtaharibu mafaili mazuri mkidhani mnayatengeneza.

Faili la MP3 si kipande kimoja cha sauti. Limekatwakatwa vipande vidogo vinavyoitwa fremu, na kwa muziki wa kawaida wa hezi 44,100 (yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde) kila fremu hubeba kiasi cha milisekunde 26 za sauti, yaani fremu 38 na ushei kwa sekunde moja. Kila fremu inaanza na baiti 4 zinazosema, pamoja na mambo mengine, bitireti yake: ni kilobiti ngapi zinatumika kuhifadhi sekunde moja ya sauti. Viwango vinavyoruhusiwa vinaanzia 32, vinapanda kwa ngazi hadi 320. Faili la CBR linashika ngazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Faili la VBR linapanda na kushuka: palipo kimya linatumia 32, ngoma na fidla zikikutana linapanda 256 au zaidi. Ni wazo zuri kweli. Unaweka biti nyingi pale zinapohitajika na unabana pasipohitajika.

Watu husema kwamba VBR "si ya kawaida" na ndiyo maana redio za bei nafuu zinaikataa. Si kweli. Kiwango cha kimataifa kilichozaa MP3, kile cha 1993, kinamtaka anayetengeneza kifaa cha kusoma MP3 akubali bitireti inayobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. iPod ya kwanza kabisa, ya 2001, ilikuwa inasoma VBR. Hata ile redio ndogo ya Mama mkubwa ilikuwa inapiga nyimbo zote bila kukwaruza wala kuruka. Sauti haikuwa na tatizo. Kilichoharibika ni hesabu ya muda.

Kiwango kile hakikutenga mahali pa kuandika kwamba faili hili lina urefu wa dakika kadhaa. Kwa CBR si shida: unachukua ukubwa wa faili, unagawa kwa bitireti, unapata muda. Kwa VBR huwezi, mpaka uzihesabu fremu zote moja moja, na kifaa kidogo hakina muda wa kufanya hivyo kila ukibadilisha wimbo. Kampuni ya Xing ndiyo iliyokuja na dawa: fremu ya kwanza ya faili haibebi muziki, inabeba taarifa. Humo imeandikwa idadi ya fremu zote, ukubwa wa faili, na jedwali la alama 100 za kumwongoza anayetaka kusogeza mbele au nyuma. Sisi tunaiita heda ya Xing. Enkoda (programu za kutengeneza MP3) za taasisi ya Fraunhofer zina heda yao nyingine, VBRI, inayofanya kazi ileile kwa mpangilio tofauti. Zote mbili ni nyongeza iliyokuja baadaye, na mtengenezaji wa chipu ana hiari ya kuzisoma au kuzipuuza.

Redio ndogo ilikuwa inaipuuza. Nyimbo zangu zilikuwa na wastani wa kilobiti 192 hivi, lakini enkoda ya LAME, ambayo ndiyo niliyotumia, kwa kawaida huiandika fremu ile ya taarifa kwa ngazi ya 128. Redio ikaisoma 128, ikagawa, ikapata dakika 15 kwa wimbo wa dakika 10. Na ukiiambia ikupeleke dakika ya 5, inahesabu baiti kwa 128 ileile, inakushusha kwenye dakika ya 3 na sekunde 20. Faili lisilo na heda kabisa ni balaa zaidi. Taarab huanza taratibu, mara nyingi na sekunde kadhaa za ukimya, kwa hiyo fremu ya kwanza yaweza kuwa ya 32, na wimbo uleule wa dakika 10 ukaandikwa saa nzima.

Sabufa, kinyume chake, ilikuwa inaisoma heda na kuiamini kuliko sauti yenyewe. Hapa kosa lilikuwa langu. Kanda ya harusi ilikuwa mafaili mawili, upande A na upande B, na mimi niliyaunganisha kwa programu ya bure ya simu ili Mama mkubwa asihangaike kutafuta. Programu ile haikufanya lolote ila kuyabandika mafaili mwisho kwa mwanzo. Heda ya upande A ikabaki palepale ikisema dakika 30. Sabufa ilipofika dakika ya 30 ikaona kazi imekwisha, ikahamia wimbo unaofuata, na upande B wote, na sauti ya baba mkubwa ndani yake, ukawa haupo kwa mtu anayesikiliza sebuleni. Redio ndogo, kwa kuwa haikuisoma heda, iliendelea kupiga mpaka baiti zilipokwisha.

Kabla sijaelewa haya nilifanya jambo baya. Niliyachukua mafaili yale ya VBR nikayageuza yote kuwa CBR ya 320, nikifikiri namba kubwa itarudisha kila kitu mahali pake. Muda ukawa sahihi, kweli. Lakini MP3 hutupa sehemu ya sauti kila inapotengenezwa, na kuigeuza mara ya pili ni kutupa tena juu ya kilichokwisha kutupwa. Hakuna namba inayoweza kurudisha kilichoondoka. Kwenye nyuzi za kanuni na midundo ya matari nilisikia sauti imekuwa kama ya maji. Na nilikuwa nimeshafuta baadhi ya rekodi zangu za WAV, yaani sauti kamili isiyobanwa, ili kupata nafasi. Ilibidi niazime deki tena na kurudia kanda 11 upya, na moja kati ya hizo ilinaswa ndani ya deki ikakunjamana mita kadhaa. Hiyo haikupona yote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utasahau mengine usisahau huu: tunza rekodi ya asili. WAV ya ubora wa CD inakula karibu MB 10.6 kwa dakika. Kanda ya C60, yaani ya dakika 60, ni kama MB 635, na kanda 40 ni takriban GB 25. Ukiigeuza kuwa FLAC inapungua sana na hakuna hata punje ya sauti inayopotea. Flashi ya GB 32 inatosha, na diski ya nje inatosha zaidi. MP3 iwe ni nakala ya kusikilizia tu, unayoweza kuitengeneza upya siku yoyote kwa kifaa chochote.

Wa pili: ukikuta faili la VBR linaandika muda wa uongo au linakatika, usiligeuze. Lirekebishe heda. Kwenye Windows kuna foobar2000, ya bure, ambayo ina amri ya kurekebisha heda ya MP3 za VBR: unachagua nyimbo zote, unabonyeza kulia, unaingia kwenye menyu ya Utilities, na kazi inakwisha kabla hujamaliza chai. Kwa waliozoea kuandika amri, ffmpeg inafanya hivyohivyo:

ffmpeg -i harusi.mp3 -c copy harusi-mpya.mp3

Maneno ya muhimu hapo ni "-c copy". Yanamaanisha fremu zinanakiliwa kama zilivyo, sauti haiguswi, na faili jipya linaandikiwa heda yenye hesabu sahihi. Kanda ya harusi nilianza nayo hivyo. Sabufa ikasoma dakika 60, na upande B ukarudi.

Lakini urekebishaji huu unakisaidia tu kifaa kinachosoma heda. Ile redio ndogo iliendelea kuandika 15 kama kawaida yake. Kwa kifaa cha namna hiyo hakuna njia ila kukipa CBR, na CBR hiyo itoke kwenye WAV au FLAC, si kwenye MP3 nyingine.

Hapa kuna jambo linalowanasa wengi. Unapotoa MP3 kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi, kuna machaguo manne ya bitireti, na lile linalokuja limeshachaguliwa, Preset ya Standard, ni VBR ya kati ya 170 na 210. Hakuna mahali palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni VBR. Mimi nilitengeneza mafaili ya kanda zote 40 bila kujua. Chagua Constant, ambayo ndiyo CBR, kisha weka namba yako.

Namba gani? Kwa kanda za zamani mimi sasa natumia 192. Nilidhani VBR ingenipunguzia ukubwa, nikakuta mafaili yangu karibu yote yamesukumwa juu, kati ya 190 na 210. Sababu yake ni ule mvumo wa kanda, shhhh isiyokatika chini ya muziki. Kwa enkoda, mvumo ni kitu kigumu kuliko hata sauti ya mwimbaji, kwa sababu hauna mpangilio wa kutabirika. Hata mahali pa kimya hapakuwa kimya kwake, na biti zikamwagwa kuhifadhi mvumo. Kwa hiyo faida ya VBR, ambayo kwenye CD safi ni ya kweli, kwenye kanda zangu haikuwepo. CBR ya 192 inakula MB 1.44 kwa dakika. Kanda zote 40 zilichukua chini kidogo ya GB 3.5. Zinaenea kwenye kadi ya GB 8 na nafasi inabaki.

Mawaidha, mahubiri, hadithi za redioni na maneno matupu hayahitaji kiasi hicho. Mono ya 64 inatosha, dakika 30 zinakuwa MB 14.4. Na kwa maneno nakushauri CBR hata kama kifaa chako kinasoma heda vizuri. Lile jedwali la Xing lina alama 100 tu kwa faili zima, liwe la dakika 3 au la saa 3. Mhadhara wa saa nzima unapata alama moja kwa kila sekunde 36. Msikilizaji aliyekosa sentensi moja na kutaka kurudi nyuma kidogo anaweza kutupwa mbali, na mzee atachoka upesi na kuacha. CBR inapiga hesabu sawasawa popote.

Ukiwa bado hujanunua kifaa, nenda dukani na kadi ya majaribio. Mimi ninayo, ina mafaili matano tu, na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai uijaribu. La kwanza ni wimbo wa VBR wenye heda sahihi. La pili ni uleule wenye heda iliyoondolewa. La tatu ni hotuba ya saa nzima ya VBR. La nne ni CBR ya 192. La tano ni mawaidha ya mono yenye hezi 22,050, kwa sababu rekodi nyingi za maneno ziko hivyo na kuna vifaa vinavyozipiga haraka kama katuni au havizipigi kabisa. Ninajua muda halisi wa kila moja, nimeuandika kwenye kikaratasi ndani ya kasha la kadi. Dukani natazama muda ulioandikwa, nasogeza mbele hadi katikati ya hotuba, kisha napiga dakika ya mwisho ya kila faili nione kama inafika mwisho wake. Dakika 10 zinatosha. Kifaa kikishindwa faili la pili tu, nakinunua bila wasiwasi, kwa sababu heda naweza kuirekebisha mwenyewe. Kikishindwa la kwanza pia lakini la nne kikalipiga sawasawa, nakinunua nikijua kitaishi kwa CBR. Kikishindwa la nne nakirudisha kwenye rafu.

Usijaribu kwa bluetooth. Nimeona watu wakifanya hivyo dukani, wanaunganisha simu na sabufa, wimbo unapiga, wanalipa. Kwa bluetooth simu yako ndiyo inayolifungua faili, sabufa inapokea sauti iliyokwisha kufunguliwa na haijui kama ilikuwa VBR au nini. Ukifika nyumbani ukachomeka flashi, ndipo chipu ya sabufa yenyewe inapoanza kusoma, na hapo ndipo kasoro zinapojitokeza. Simu za leo karibu zote zinasoma VBR vizuri, kwa hiyo simu haikuambii lolote kuhusu sabufa.

Mambo mengine mawili yaliyonisumbua, ingawa hayahusu bitireti. Kadi nyingi kubwa kuliko GB 32 huja zikiwa na mfumo wa exFAT, na vifaa hivi vidogo mara nyingi vinataka FAT32, kwa hiyo nunua kadi ndogo. Na vingi havipangi nyimbo kwa majina bali kwa mpangilio ulivyozinakili, ndiyo maana upande B ulikuwa unatangulia upande A. Nakili folda moja moja kwa zamu, na majina yaanze na 01, 02, 03. Picha kubwa za kava nazo ziondoe. Zinakaa mwanzoni mwa faili, kabla ya sauti, na kuna vifaa vinavyokwama hapo.

Ukipeleka kadi kwenye kibanda cha kurushia nyimbo, waambie vijana wasipitishe mafaili yako kwenye programu yoyote ya kupunguza ukubwa. Wanafanya kwa nia njema ili zienee nyingi, lakini ndiko kugeuza mara ya pili nilikokwisha kukueleza. Wanakili tu.

Mama mkubwa sasa ana kadi mbili zenye kanda zote, CBR ya 192, moja kwenye redio na ya akiba ndani ya bahasha kabatini. FLAC ziko kwangu na kwa binamu yangu Mombasa. Kanda ya harusi niliigawa tena upande A na upande B, na zile dakika mbili za baba mkubwa nimeziwekea faili lake peke yake, namba 00, ili ziwe za kwanza redio inapowashwa.